Namba Yangu Katika Simu ya Fundi

Anayeishi Dar es Salaam hugawa namba yake ya simu bila kufikiri sana. Anayo dereva wa bodaboda anayempeleka mtoto shuleni, anayo muuza mkaa, anayo dobi, dalali aliyewahi kumtafutia chumba, mama lishe anayemletea chakula cha mchana ofisini, wakala wa pesa wa pale kituoni, na hata abiria aliyeketi naye katika daladala ya Gongo la Mboto wakazungumzia kiwanja ambacho hakikununuliwa kamwe. Kila mmoja huihifadhi kwa jina analolijua yeye: Baba Neema, Mzee wa Tabata, Jirani Geti la Bluu, Mteja Friji. Sioni ubaya katika desturi hiyo, kwa kuwa shughuli nyingi za mji huu zisingekwenda bila hiyo. Ninalotaka kulijadili ni jambo lililokuja baadaye, pale baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni walipogundua kwamba orodha ya majina iliyomo katika simu ya mtu wa kipato cha chini ina thamani kuliko kitanda chake, na kwamba inaweza kushikwa kama dhamana bila hata mmoja wa walioandikwa humo kuulizwa.

Mimi nilijikuta ndani ya orodha ya namna hiyo kwa sababu ya friji. Nilitumiwa ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukitaja majina matatu ya mtu ambaye sikumtambua, ukisema kwamba amekopa na kutoroka, kwamba mimi ni mdhamini wake, na kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo hatua zingechukuliwa dhidi yetu sote. Dakika chache baadaye ilifuata picha. Ilimwonesha kijana ameshika kitambulisho chake cha taifa chini ya kidevu, jinsi programu za mikopo ya simu zinavyomtaka mkopaji ajipige, na juu ya paji la uso wake mtu alikuwa ameandika TAPELI kwa herufi nyekundu. Hapo ndipo nilipomtambua fundi aliyewahi kunitengenezea friji. Nilikuwa namwita fundi tu, naye alikuwa akiniita mzee, na hilo lilitutosha. Sasa nilikuwa na majina yake yote, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya NIDA na kiasi cha deni lake, mambo ambayo sikuwahi kumuuliza na ambayo hakuwahi kutaka niyajue.

Nilimpigia.

"Shikamoo mzee," aliitikia, na kabla sijaeleza nilichopigia akauliza, "Na wewe wamekutumia?"

Aliyekwisha kutumiwa ni mama mkwe wake wa Kibaha, imamu wa msikiti wanakoswali, kaka zake, mwenye nyumba, na hoteli moja iliyokuwa ikimpa kazi za viyoyozi. Nilipotaja habari ya mkwe, nikidhani kwamba hapo ndipo palipomuuma zaidi, alinisahihisha kwa upole. "Mkwe nitamweleza, atanielewa. Wale wa hotelini hawatanipigia kuniuliza. Watatafuta fundi mwingine."

Wapo wasomaji watakaosema kwamba fundi alijitakia, na ningependa kwanza kusema kwa nini siko upande wao. Alihitaji kompresa na gesi kwa ajili ya kazi ambayo mteja hakutoa malipo ya awali. Benki ingemtaka hati ya nyumba au karatasi ya mshahara, na yeye hana hata moja kati ya hizo. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi, kitabu cha hesabu na dirisha la benki kwa watu ambao benki haikuwahi kuwafungulia mlango, na ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtu wa namna hiyo atafute mkopo palepale pesa yake inapopita. Kwa maelezo yake aliomba shilingi 100,000, akapokea 70,000 kwa sababu kile kilichoitwa gharama za huduma kilikatwa kabla, na akatakiwa kurejesha 100,000 ndani ya siku saba. Maana yake ni kwamba alitumia shilingi 70,000 kwa wiki moja kwa gharama ya 30,000, ambayo ni karibu asilimia 43. Mtaani mikopo ya aina hii huitwa kausha damu. Lakini riba, hata iwe kubwa kiasi gani, ni ugomvi kati ya wawili waliokubaliana. Mimi nilikuwa na dai jingine kabisa.

Namna orodha inavyochukuliwa haina uchawi wowote. Tangu toleo la 6.0 la Android lililotoka mwaka 2015, programu inayotaka kusoma majina, ujumbe mfupi, picha au mahali ulipo inapaswa kukuomba ruhusa wakati unapoitumia, na kisanduku kidogo hujitokeza kikiwa na maneno mawili, ruhusu na kataa. Programu ya mkopo huomba kusoma majina, huomba kusoma ujumbe mfupi ili ione miamala yako ya pesa na kukadiria kipato chako, huomba kamera kwa ajili ya kitambulisho, na nyingi kati ya hizi mbaya hukataa kuendelea mpaka kila ruhusa itolewe. Mtu aliyesimama dukani na kompresa mkononi hana muda wa kujadiliana na kisanduku. Akibonyeza ruhusu, orodha nzima hunakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za mkopeshaji, na kuanzia hapo hata akiifuta programu hiyo na kulipa deni lote, nakala inabaki kule ilikokwenda.

Ni muhimu pia kuelewa kilichomo katika orodha hiyo, kwa maana wengi huzungumza kana kwamba ni tarakimu tu. Watu hawahifadhi namba tupu; wanahifadhi uhusiano. Simu ya nesi ina majina yaliyoandikwa pamoja na kliniki ambako alikutana na wenye namba hizo. Simu ya karani wa mahakama ina mashahidi. Simu ya mwalimu ina wazazi mia mbili, kila mmoja na jina la mtoto wake na darasa lake. Mke aliyetoroka kipigo na kubadilisha laini anaweza kuwa amempa namba mpya mtu mmoja tu anayemwamini, na huyo mmoja akakopa shilingi 50,000 za ada. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekopa, na wengi wao hawatajua kamwe kwamba habari zao zilihama. Mimi nilijua kwa sababu fundi alichelewa kulipa. Angelipa kwa wakati, namba yangu ingekuwa imechukuliwa vilevile, ila nisingepata ujumbe.

Hapo ndipo utetezi wa wakopeshaji unapokwama. Wanasema mkopaji alisoma masharti akakubali. Tuseme alisoma, ingawa sijawahi kukutana na mtu aliyeyasoma. Alikubali kwa niaba ya nani? Mpangaji hawezi kuweka rehani masufuria ya wapangaji wenzake kwa hoja kwamba yote yamo katika nyumba moja na ufunguo wa geti anao yeye. Fundi ana haki ya kuwa na namba yangu ili anipigie kuhusu friji, na haki hiyo haimpi uwezo wa kuikabidhi kwa kampuni nisiyoijua kwa kazi nisiyoijua, hata akitaka kwa moyo wote kufanya hivyo.

Jambo hili linanigusa kwa namna ya pekee kwa sababu mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tabata, na habari za wadhamini ninazishughulikia kila tunapokutana. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti na yule anayelitunza. Anayetaka mkopo husimama, hutaja kiasi na sababu, kisha hutaja wadhamini wawili. Wadhamini hao wamekaa palepale. Huulizwa mbele ya wote, na wana haki ya kukataa. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenzake wa miaka mingi, "Dada yangu, nakupenda, lakini mwezi huu sikudhamini," na kikao kikaendelea bila mtu kununa. Anayekubali huweka sahihi, anajua kiasi, anajua tarehe, na mkopaji akishindwa tunamfuata mdhamini kwa haki kwa kuwa alijifunga mwenyewe. Udhamini usioweza kukataliwa, ambao mdhamini huujua kwa mara ya kwanza siku anapotishwa, ni ulaghai uliovishwa jina la udhamini.

Sitaki mtu adhani kwamba nasifia vikundi kupita kiasi. Aibu tunaitumia sisi pia. Jina la anayedaiwa husomwa kikaoni, na wapo wenzetu katika vikundi vingine wanaofika hadi kubeba televisheni na magodoro mchana kweupe huku majirani wakitazama. Dawa ya deni ni kulipa, na jamii isiyowaonea haya wasiolipa haiwezi kukopeshana kwa muda mrefu. Tofauti ninayoiona ni kwamba aibu ya kikaoni ina mipaka ambayo mwenye deni anaijua kabla hajakopa: anawajua watakaosikia, na wao wanamjua yeye na hali yake, na muhimu kuliko yote, ana nafasi ya kujibu. Fundi angeweza kusimama na kusema kwamba mteja hajamlipa. Kwa imamu, kwa mwenye nyumba na kwa hoteli alitangazwa na sauti isiyo na uso, mahali ambapo hakuwepo na hangeweza kujitetea, na pia kwa kosa ambalo hakulifanya. Kuchelewa kulipa si utapeli.

Tulipata kulijadili hili kwenye kikundi chetu wenyewe baada ya mkasa wa fundi, maana kijana mmoja alipendekeza majina ya wanaodaiwa yawe yanawekwa katika kundi letu la WhatsApp kila Ijumaa ili watu wajiandae kabla ya kikao cha Jumamosi. Wengi waliunga mkono. Mwekahazina, mwanamke wa makamo ambaye husema mara chache, aliuliza swali moja: kundi hilo lina wanachama wangapi ambao walikwisha kuacha kuja vikaoni? Tulihesabu, tukakuta kuna watu waliohamia Morogoro, kuna ambao simu zao sasa zinatumiwa na watoto wao, na kuna namba mbili ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Pendekezo likafa hapohapo. Jina linalosomwa kikaoni huishia ukumbini. Likiandikwa katika simu husambazwa kwa kubonyeza mara moja, na deni likishalipwa hakuna anayetuma ujumbe wa pili kwa wale wote waliopata wa kwanza.

Zile namba mbili zinanikumbusha tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba yake baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Anayeinunua hurithi kila kitu ambacho wengine waliihusisha nayo, yakiwemo madeni. Anaweza kutishwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa sababu tu katika simu ya mtu huyo namba hiyo bado imeandikwa Shangazi.

Kisheria hatuko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu. Zaidi ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inamtaka anayekusanya taarifa azikusanye kwa lengo halali linalojulikana na asizitumie kwa jambo jingine, nayo imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Kwa upande wa fedha, Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni kwa wakopeshaji wasiopokea amana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mwezi Novemba 2024 ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walikutana na balaa hili mapema zaidi. Mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data ilizitoza faini kampuni za mikopo ya simu zilizotumia vibaya namba za watu. Hata Google, ambayo si mwepesi wa kujinyima biashara, ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kuchukua majina na picha za mkopaji kuanzia Mei 31, 2023.

Kwa hiyo ukiniuliza tatizo liko wapi, sitasema ni uhaba wa sheria. Programu iliyofungiwa Jumatatu inaweza kurudi Jumatano ikiwa na jina jipya na rangi mpya. Iliyokatazwa kuingia dukani husambazwa kwa kiungo cha WhatsApp, na kijana anayeipakua kwa njia hiyo hukwepa kinga zote ambazo duka liliweka. Na mwathirika mwenyewe haendi kulalamika, kwa sababu kulalamika ni kuthibitisha hadharani kwamba anadaiwa, wakati ambapo jambo analolitamani zaidi ni hadhara hiyo isahau. Aibu inafanya kazi mara mbili: kwanza inamfanya alipe, kisha inamfanya anyamaze.

Kuna watu wanaonieleza kwamba simu za mkopo zinazojifunga zenyewe ni njia ya heshima zaidi, kwa kuwa ukichelewa malipo ya siku kioo kinazimika na hakuna mtu wa tatu anayesumbuliwa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Lakini dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia simu, simu yake ikifungwa asubuhi amenyimwa chombo ambacho angekitumia kupata pesa ya kuifungulia, na sijui ni mkopeshaji gani mwenye akili angefunga pikipiki ya mtu kisha akamtaka aendeshe ili alipe. Hilo linastahili makala yake lenyewe.

Ninaloona linaweza kufanyika sasa, bila kusubiri sheria nyingine, ni kuanza kuwatambua watu waliomo katika orodha kama walalamikaji kamili. Fundi ananyamaza kwa sababu ana deni, mimi sina. Imamu hana. Mama mkwe hana. Tukilalamika sisi, hakuna anayeweza kutujibu kwamba tulipe kwanza. Wala isisemwe kwamba wanaotuma ujumbe hawapatikani. Mei 1, 2019 tulianza kusajili laini zetu kwa alama za vidole. Foleni katika ofisi za NIDA zilikuwa ndefu, tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tuliambiwa, na kwa maoni yangu kwa haki, kwamba lengo mojawapo ni kuwabana wahalifu wa mitandao. Mwananchi leo anaweza kubonyeza *106# akaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli anaweza kuupeleka kwenye namba 15040. Laini inayotumika kuwatishia wakwe na waajiri wa watu nayo ina mwenyewe, na vidole vya mwenyewe huyo vimo katika kumbukumbu zilezile zenye vidole vyangu.

Fundi alichukua muda kukubali. Hatimaye tuliketi kwenye kibanda chake cha Buguruni, katikati ya milango ya friji iliyong'olewa, tukachapisha picha za ujumbe kwenye steshenari ya jirani na kuandika barua. Mwenye nyumba wake aliweka sahihi. Imamu aliweka sahihi na akatukumbusha kuandika tarehe. Hoteli haikujibu simu. Barua ya fundi inahusu picha yake na namba ya kitambulisho chake. Yangu niliiandika peke yake, inahusu namba yangu ya simu na nani aliyempa mkopeshaji ruhusa ya kuwa nayo, na nimeiomba Tume iyashughulikie kama malalamiko mawili tofauti.